Mkutano Mkuu na Mafua: Jibu kwa Wanaotucheka

Mabwana Wanachama,

Tumesikia ya kwamba wako wenzetu wanaotucheka kwa sababu tuliomba mkutano mkuu wa mwaka huu usifanywe katika ukumbi uliofungwa madirisha, na kila mwenye homa na kikohozi abaki nyumbani pasipo lawama. Wanasema, "Mafua hayaui mtu; na siku ya mtu ikifika, imefika." Twawajibu kwa heshima, lakini hatutawaficha neno, maana jambo hili ni la roho za watu.

Mafua yameua. Homa ya mwaka 1918 ilizunguka dunia nzima, na wataalamu wengi wa leo hukadiria kuwa iliua watu wapata milioni 50. Hata kwetu ilifika kwa meli bandarini Mombasa, ikapanda bara pamoja na abiria wa reli.

Na watazame mji wa Philadelphia, huko Marekani. Tarehe 28 Septemba 1918 yalifanywa maandamano makubwa ya kuuza hati za mkopo wa vita, na homa imekwisha kuingia mjini. Matabibu walimwonya mkuu wa afya wa mji, Wilmer Krusen, hakuyazuia. Watu wapata 200,000 wakasongamana njiani. Hazikupita siku nyingi, hospitali zikajaa. Tarehe 3 Oktoba shule, makanisa na nyumba za michezo zikafungwa, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika: katika majuma machache walikufa watu zaidi ya 12,000. Katika mji wa St. Louis, Max Starkloff, mkuu wa afya wa huko, alifunga makusanyiko mapema, homa ikiwa bado changa. Na kwa kulinganisha hesabu ya watu wa miji hiyo miwili, vifo vyao vilikuwa vichache sana kuliko vya Philadelphia. Je, siku za watu wa Philadelphia zilifika zote kwa pamoja, na za watu wa St. Louis zikaahirishwa?

Wakisema hayo ni ya kale, twawapa ya juzi. Tarehe 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington, waimbaji 61 wa kwaya moja walifanya mazoezi ndani ya jumba kwa muda wa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Wenzake 52 wakaugua korona, na wawili wakafa. Pumzi ya mgonjwa anenapo au aimbapo huelea hewani, na chumba kisichopitisha upepo huihifadhi kwa wote waliomo.

Mabwana, aliyeruhusu maandamano yale alikuwa mtumishi wa umma kama sisi, mwenye meza na kalamu. Nasi ndio tuandikao barua za mwaliko, tutoao vibali na kupanga viti. Basi asiseme karani kwamba haya ni ya waganga peke yao. Tena tusimlaumu bure mwenzetu akohoaye mezani: mara nyingi amekuja kwa kuogopa kuitwa mvivu. Hofu hiyo ni sisi tuliomtia, kwa kumsifu kila ajikokotaye kazini na homa yake.

Hatusemi watu wasikutane. Chama kisicho na mkutano si chama. Twaomba mambo matatu tu: tukutane uwanjani chini ya kivuli, au madirisha yawe wazi, mgonjwa abaki kwake na kura yake ipokewe kwa barua, na maafisa wa afya wakitangaza maradhi, mkutano uahirishwe bila ubishi.

Majuto ni mjukuu. Anayetaka kutucheka na acheke, ila acheke nje, penye upepo.