Mama wa Bahi, ukame unapangwa bila wewe (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo sisemi chanjo. Nasema mkutano wa kijiji.

Mvua yetu Dodoma ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Ikikatika, nani anaenda kuchimba maji korongoni, tena na mimba? Wewe. Nani anakesha wodini na mtoto anayeharisha? Wewe. Halafu mpango wa ukame unajadiliwa saa nne asubuhi, wewe uko kisimani!

Eti "wanawake hawaji mikutanoni". Waje saa ngapi?

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, kila miezi 3. Husubiri kualikwa. Kwenye halmashauri ya kijiji, kisheria angalau robo ya wajumbe ni wanawake. Lakini kukaa nyuma na kupiga makofi siyo kupanga.

Silikatai lambo la ng'ombe. Ila simama uulize: maji ya kunywa yametengewa shilingi ngapi, na bomba litakuwa umbali gani na nyumba zetu? Mwambieni mwenyekiti mkutano uwe saa kumi jioni. Na wewe baba, siku hiyo baki na mtoto.

ORS nitakupa mimi. Maji salama ya kuikorogea yanaanzia kwenye huo mkutano.