Walinzi wa Miamba Wasio na Bunduki

Juma hili tutazungumza juu ya walinzi wa namna ya pekee. Hawana bunduki, hawana pingu, hawana cheo begani, wala mwisho wa mwezi hawapokei mshahara. Vifaa vyao ni darubini, fomu na penseli. Ni raia wa kawaida, wazee waliokwisha kustaafu, wanafunzi na akina mama, waliojitolea kulinda pwani ya magharibi ya Marekani, kuanzia California hata Alaska, mahali ambapo miamba hukutana na mawimbi baridi ya bahari ya Pasifiki.

Tuanze Point Reyes, kaskazini-magharibi ya jiji la San Francisco. Huko hukaa sili, mnyama wa bahari mwenye manyoya mafupi na mwili mnene kama gunia lililoshindiliwa. Sili hutafuta samaki majini, lakini sharti apande juu ya mwamba au mchanga ili apumzike, na hapo ndipo anaponyonyesha. Mtoto hunyonya kwa muda wa majuma manne hivi tu. Katika siku hizo chache lazima anenepe kwa maziwa, kwa kuwa zikiisha mama humwacha ajitafutie mwenyewe.

Basi hebu fikiri: anatokea mgeni kutoka mjini, mtu mwema kabisa, amekuja na watoto wake na mbwa wake, naye anasogea karibu ili apige picha. Kundi zima latimka majini. Likitimka mara moja si neno. Likitimka kila siku ya mapumziko, mtoto hukosa maziwa, na pengine hupotezana na mamaye asimwone tena. Yule mgeni hurudi nyumbani amefurahi, asijue alilolitenda.

Wale wa kujitolea hukaa mbali, kimya, wakahesabu sili wakubwa na watoto wao. Lakini kazi yao haiishii hapo. Kila linalowasumbua wanyama huandikwa: je, alikuwa mtu anayetembea, mashua, mbwa au ndege ya angani? Nao sili walifanya nini? Waliinua vichwa tu, walisogea kidogo, au walijitupa majini? Kuinua kichwa kunaweza kuonekana ni jambo dogo, walakini ni dalili ya kwanza ya hofu, na mtazamaji hodari haipuuzi. Hori moja ya mahali hapo, iitwayo Drakes Estero, hufungwa kwa mashua kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Juni, yaani majira ya kuzaa, na wahesabuji huweza kuona kama amri hiyo yafuatwa au la.

Kwingineko katika California wanaohesabiwa ni watu. Mwaka 1999 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuhifadhi viumbe vya baharini, na kufikia mwisho wa mwaka 2012 lilikuwa na hifadhi 124 kandokando ya pwani yake. Sehemu nyingine uvuvi umepigwa marufuku kabisa, nyingine umewekewa mipaka. Mtu wa kujitolea hutembea kipande kilekile cha ufuko, akajaza fomu ileile: wangapi wanavua kwa mshipi, wangapi wanaokota kome kwenye miamba wakati maji yamekupwa, wangapi wanaogelea, wangapi wametandika mikeka tu na kula chakula chao. Wasio na kosa nao huhesabiwa. Hapo ndipo palipo na akili, maana ukiandika wahalifu peke yao, utajuaje kama wamezidi, au ni watu wote walioongezeka?

Askari aliyezoea kazi ya kukamata atashangaa kusikia kwamba mlinzi huyu hatakiwi kugombana na mtu. Akimwona mvuvi ndani ya eneo lililokatazwa, huandika, kisha huwapigia simu maofisa wa idara ya samaki na wanyama, ambao ndio wenye mamlaka. Mimi naona utaratibu huo ni wa busara. Raia mwenye penseli akijifanya polisi, siku moja ataumizwa, na fomu zake zitapoteza heshima.

Nalo jambo lililo gumu kuliko yote ni kuandika sufuri. Wengi huchoka upesi wanapotembea saa nzima kwenye upepo na mvua bila kuona lolote, wakadhani wamepoteza wakati. Msomaji aliyewahi kusimama lindo usiku anaelewa kwamba “hali ni shwari” nayo ni taarifa, na kwamba daftari la zamu lenye kurasa zilizorukwa halimsaidii mkubwa yeyote.

Chuo Kikuu cha Washington kilianzisha kundi la watu wa kujitolea liitwalo COASST. Kila mwezi hao hutembea ufuko waliopangiwa wakitafuta ndege wa bahari waliokufa. Wakimpata mmoja hupima mdomo, bawa na mguu, humpiga picha, na kumfunga alama ili mwezi ujao asihesabiwe mara ya pili. Wasipopata kitu, huandika hivyo. Kwa miaka mingi fomu zao zilionyesha idadi ndogo, mwezi baada ya mwezi.

Ndipo joto lisilo la kawaida lilipoingia katika bahari ile, kati ya mwaka 2014 na 2016. Samaki wadogo walipungua, na yuko ndege aitwaye mure, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, ambaye lazima ale kila siku karibu nusu ya uzito wake. Kati ya miezi ya joto ya mwaka 2015 na mwanzo wa mwaka 2016, maiti 62,000 hivi za mure zilipatikana kutoka California hadi Alaska, mahali pengine hata kufikia mara 1,000 ya kawaida. Kawaida hiyo ingejulikanaje, ndugu msomaji, kama hapangekuwa na zile karatasi za miezi mitupu?

Mwaka 2024 wanasayansi waliolinganisha hesabu za makoloni ya Alaska walitangaza kuwa mure milioni 4 hivi walikufa, karibu nusu ya wote waliokuwako huko, na kwamba wingi wao haujarudi. Wahesabuji wangali wakitembea fukwe zao kila mwezi, na kazi imekuwa ngumu zaidi. Maana ufuko usio na maiti huenda ukawa na habari njema, au huenda ndege wa kufa wamebaki wachache, na fomu ya siku moja haiwezi kuwaambia ni lipi kati ya hayo mawili.