Beki hana bei mpaka apate jina

Tarehe 28 Agosti 2025 timu ya Green Bay Packers ya Marekani ilimchukua Micah Parsons kutoka Dallas Cowboys na kukubali kumlipa dola milioni 188 kwa miaka minne. Siku hiyo, ukiwaondoa wapiga pasi wakuu, hapakuwa na mchezaji mwingine katika ligi yao aliyefikia mshahara huo. Parsons si mfungaji. Hapigi pasi wala habebi mpira. Kazi yake ni kupenya ukuta wa watu wenye miili mikubwa wanaomlinda mpiga pasi wa upande wa pili, na kumwangusha kabla mpira haujatoka mkononi. Analipwa kwa ajili ya jambo ambalo, yeye akifanya kazi vizuri, halitokei.

Naleta habari hii katika jarida la kitivo cha lugha kwa sababu naamini bei ile ina historia ya neno ndani yake. Na historia hiyo inatuhusu sisi tunaosoma lugha za Kiafrika huku Kivu, pengine kuliko inavyowahusu wanaoshangilia uwanjani.

Mwaka 1961 timu ya Los Angeles Rams ilimchagua kijana aliyeitwa Deacon Jones katika raundi ya 14, yaani mkiani, wakati wengi waliotazamiwa makubwa walikwisha kuchukuliwa. Alikuwa ametoka vyuo vya watu weusi vya Kusini, ambavyo waandikishaji wa wakati ule hawakuvitupia macho sana. Jones akawa tishio la wapiga pasi wa ligi nzima, na ndiye anayetajwa kulipa tendo lake jina: «sack». Kwa Kiingereza neno hilo ni gunia, na pia ni kuuteka mji na kuupora. Kabla ya hapo tendo lenyewe lilikuwapo, lakini lilielezwa kwa maneno marefu. Jina lilipokuwa fupi, watangazaji walilipenda. Lilipozoeleka, liliandikwa. Mwaka 1982 ligi ikaanza kulihesabu rasmi kwa kila mchezaji. Jones alikuwa amestaafu tangu 1974, kwa hiyo katika vitabu rasmi mtu aliyelipa tendo jina hana hata moja. Baadaye watafiti walirudi kwenye karatasi za mechi za zamani na kumhesabia 173 na nusu. Hesabu hiyo si ya ligi mpaka leo.

Basketi ina kisa cha namna hiyohiyo. NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973–74. Bill Russell, aliyechukua ubingwa mara 11 kwa kuzuia, alikuwa ameacha kucheza mwaka 1969. Idadi ya mitupo aliyoizuia haimo kwenye vitabu vya ligi.

Najua mwalimu wa semantiki atanikatiza hapa. Atasema kwamba kitu hakingoji jina ili kiwepo, na kwamba wapiga pasi walioangushwa na Jones waliumia hata kabla ya 1982. Ni kweli, na sisemi kwamba lugha huumba dunia. Dai langu ni dogo kuliko hilo. Macho huona kitu bila jina, lakini ofisi hailipi kilichoonwa na macho. Hulipa kilichoandikwa kwenye karatasi, na karatasi haina nafasi ya kitu kisicho na jina. Tendo hupata jina, jina huhesabiwa, hesabu hugeuka kuwa bei. Hatua ya kwanza ikikosekana, zile mbili hazifiki.

Sasa turudi Nyangezi, ninakotoka. Likizo iliyopita nilikwenda uwanjani na daftari na kuandika kila neno lililotamkwa kuhusu mchezo: na wachezaji, na wazee walioketi pembeni, na watoto waliopanda ukutani. Nilifungua kurasa mbili, moja ya kufunga, nyingine ya kuzuia. Ukurasa wa kufunga ulijaa upesi: bao, goli, kupachika, kutikisa nyavu, kuua kipa, na mengine ya Kifaransa na ya Mashi. Ukurasa wa kuzuia haukufika nusu. Beki, kukaba, kutoa, kisha kelele. Beki akinyang'anya mpira mara kumi, watu husema «vizuri!», na neno hilo haliwezi kuandikwa kwenye ripoti ya mtu yeyote.

Mtu anayekuja kutafuta wachezaji, tunayemwita manajeri hata kama hana ofisi, huuliza swali moja: nani anafunga? Anaonyeshwa mfungaji, anaandika namba ya simu ya baba yake, anaondoka. Namjua kijana mmoja ambaye timu yake haikufungwa katika mechi nyingi mfululizo, na kila aliyekuwapo alijua ni kwa sababu yake. Manajeri alipouliza habari zake, kocha alijibu: «Huyu ni beki tu.» Neno hilo «tu» ndilo lililopanga bei. Kocha hakuwa na chuki naye. Alikosa namna nyingine ya kusema.

Linganisha na Tanzania. Watangazaji wa kule wana beki kisiki, wana kiungo mkabaji, wana mkata umeme, yule anayesimama mbele ya mabeki na kuzima mashambulizi kabla hayajawaka. Msimu wa 2021/22 mchezaji bora wa ligi yao alikuwa Mkongomani, Yannick Bangala wa Yanga, mtu wa kukaba na kulinda. Sisemi kwamba neno ndilo lililompa tuzo. Miguu yake ndiyo iliyompa. Nasema kwamba pale alipocheza, mtu wa kawaida kibandani aliweza kueleza kwa maneno mawili kwa nini Bangala ni mzuri. Hapa kwetu mtu huyo angenyoosha kidole tu. Hata kuazima maneno yao kunataka akili, maana ukimwambia mtu wa Bukavu «mkata umeme», atadhani unaisema SNEL.

Kuna neno jingine linalohitaji kazi yetu, nalo ni zito kuliko beki. Ni neno lenyewe la kuandikisha. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, na mwenye kesi alikuwa Mkongomani, Thomas Lubanga, aliyepatikana na hatia ya kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Redio zikisema Kiswahili husema waliandikishwa, au walisajiliwa. Ni vitenzi vilevile tunavyotumia kwa kijana anayeingia timu. Neno moja, milango miwili. Katika vilima vyetu, hasa tangu M23 ilipoingia Bukavu Februari 2025, mgeni mwenye daftari anayeuliza umri na urefu wa mvulana wako anatisha, na mama anayemficha mtoto jikoni hajakosea. Lakini mgeni mwingine anaweza kuwa amekuja kwa heri. Mama huyo anahitaji maswali ya kumtambua mtu: unamtaka kwa mchezo gani, timu ipi, karatasi iko wapi, nani atamrudisha nyumbani. Maswali hayo yapo kwa Kifaransa kwenye ofisi. Kwa Mashi na kwa Kiswahili cha jikoni hakuna aliyeyapanga.

Na karatasi ikifika, inasema nini? Kanuni za FIFA hazikubali, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kumhamisha nje ya nchi mchezaji wa chini ya miaka 18. Zinasema pia kwamba mchezaji mwenye mkataba akihamia nchi nyingine kwa malipo, asilimia 5 ya malipo hayo hugawanywa kwa timu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa 23. Soma tena sentensi hiyo kama mtu wa kijijini. Timu iliyomfundisha mtoto kwenye uwanja wa mteremko ina haki ya sehemu ya fedha zitakazolipwa Ulaya. Lakini ni lazima iwe imesajiliwa kwenye shirikisho, na iweze kuonyesha kwamba mtoto alikuwa wake, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Ni timu ngapi za vijijini mwetu zina daftari la majina lenye tarehe? Tunalia kwamba vipaji vyetu vinaibwa. Mara nyingine mwizi hahitaji hata kuvunja mlango, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba nyumba ina mwenyewe.

Vyuo vikuu vya Marekani navyo vina mitego yake. Huko kijana wa sekondari hupewa nyota kuanzia moja mpaka tano, na anayejua kumwangusha mpiga pasi hugombewa na makocha. Tangu 2025 chuo kinaweza kuwagawia wachezaji wake fedha moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20.5. Lakini mgeni mwenye viza ya mwanafunzi hubanwa na masharti ya kazi ya malipo ambayo mwenzake Mmarekani hana. Anayempeleka kijana wetu huko akimwonyesha fedha za Mmarekani, anamwonyesha chakula cha mezani kwa jirani.

Hata hivyo yuko mmoja wetu aliyepita njia hiyo na kufika, na kitivo hiki kina sababu ya kumkumbuka. Dikembe Mutombo alifika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa USAID, akitaka kuwa daktari. Kwa urefu wake wa mita 2.18, kocha John Thompson hakumwacha apite. Mwaka 1991 aliondoka pale na shahada ya isimu na diplomasia. Ndugu zangu, alisoma somo letu. Aliingia NBA akiwa wa nne kuchaguliwa, akazuia mitupo 3,289, wa pili katika hesabu zote za ligi nyuma ya Hakeem Olajuwon, na mara nne alitajwa mlinzi bora wa mwaka. Kwa kazi ya kuzuia, si ya kufunga, alipata uwezo wa kujenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake. Alikuta tendo lake lina jina, lina safu yake kwenye karatasi, lina tuzo yake. Jones hakukuta hayo. Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024, na shirika lililomlipia safari lilifungwa rasmi Julai 2025. Anayengoja mlango uleule atangoja sana.

Wenzangu wawili walionisomea rasimu hii walipinga. Wa kwanza alisema kwamba tiba ni kuwafundisha vijana Kifaransa na Kiingereza, si kuwabunia maneno. Nakubali nusu. Wafundishwe, na mapema. Lakini karatasi huletwa siku moja jioni, na anayetakiwa kutia sahihi ni baba wa miaka 50 anayesema Mashi na Kiswahili. Huwezi kumwambia asubiri ajifunze kwanza. Wa pili alisema kwamba istilahi ni kazi ya mabaraza ya Dar es Salaam na Nairobi. Mabaraza hayo tuyaheshimu na tuchukue kwao kinachofaa. Lakini hayakai Nyangezi, na hayajui kwamba huku neno mvamizi haliwezi kutumika kwa mchezaji bila mzee fulani kuinuka na kuondoka.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote ya gharama ndogo. Kwanza, walimu wetu wakubali mada za michezo katika kazi za mwisho wa masomo: tukusanye maneno ya viwanjani, tuyapange, tujaze ule ukurasa wa kuzuia kwa maneno yanayosemeka mdomoni. Tumechoka kuandika kwa mara ya ishirini juu ya ngeli zilezile. Pili, kitivo kitoe karatasi ya kurasa mbili, kwa Kiswahili na kwa Mashi, yenye maswali ambayo mzazi atamuuliza mtu yeyote anayekuja kumchukua kijana, pamoja na maana ya maneno ya mkataba: muda, fidia, wakala, asilimia, kuvunja. Wanasheria wa chuo jirani wataikagua. Lugha ni juu yetu. Tatu, kila mmoja wetu anayerudi nyumbani likizo aipe timu ya kwao daftari lenye safu chache: jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuingia timu, nafasi uwanjani. Mbele ya mabeki iwepo safu ya ziada ya kuhesabu kila mpira walioupokonya.

Daftari la Nyangezi nimekwisha kulinunua, na kocha aliyesema «beki tu» amekubali kulitunza. Ninaomba wa Kabare, wa Walungu na wa Kamanyola waniandikie kabla ya mitihani, ili tukubaliane safu ziwe zilezile na maneno yawe yaleyale.