Mbogi ya Nax, "Tausi" si ya bure

Juzi nganya ya kutoka tao kwenda Kaptembwo, dere alichoka na gengetone akaweka "Tausi", na gari nzima ikaimba. Hadi wale wa 2005!

Huyo ni Fundi Konde, buda wa Pwani aliyezaliwa 1924, akapiga gitaa jeshini hadi Burma, kisha akarudi kurekodi. Ngoma zake za 1947 hadi 1956 zilikuja kukusanywa kwa CD moja mwaka wa 1994. Na RetroAfric, wenye walifanya hiyo kazi, ni lebo ya London, si ya River Road. Sisi tulikuwa wapi?

Sasa maprodyuza wa mtaa wanasema hizo ngoma ni za kitambo, so jikatie kipande ujenge biti. Hiyo ni nusu ukweli. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda rekodi miaka 50 tangu irekodiwe, na za huyo mzee zishapita. Lakini utunzi unalindwa miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Konde alifariki 2000. Piga hesabu: hadi mwisho wa 2050, kuna mtu anafaa kuulizwa kwanza, na kutolewa ganji yake.