Matokeo ya Examen d'État: shule zetu, na nyumba ambazo hazikumwaga poda

Kila mwaka, matokeo ya Examen d'État ya jimbo la Maniema yanapotoka, mji wa Kindu unayaona kwa macho kabla ya kuyasikia kwa masikio. Vijana wanatoka Kasuku na Mikelenge wakiwa weupe kwa poda kichwani na usoni, wanaimba, wengine wamepanda watatu kwenye pikipiki moja. Ng'ambo ya mto, Alunguli, ni vivyo hivyo. Mama wa jirani anatoka na kopo lake na kumwagia mtoto ambaye si wake. Ni desturi ya nchi nzima, na hatuna neno baya juu yake. Mtoto aliyekaa shuleni miaka kumi na miwili, sita ya msingi na sita ya sekondari, ana haki ya kuchezewa ngoma.

Lakini siku hiyo hiyo poda inaonyesha pia nyumba ambazo haikumwagwa. Mtaa mzima unajua kwamba kwa mzee fulani kulikuwa na finalisti, na kwake ni kimya. Tunaandika zaidi kwa ajili ya nyumba ile, na kwa ajili ya yale tunayofanya sisi wazazi na makanisa mapema, miezi na hata miaka, ili kuikwepa aibu ile.

Mtihani wenyewe si mgeni kwetu. Ulianzishwa mwaka 1967, na tangu hapo ulizo ni lile lile: umepata ngapi? Kwanza inakuja hors-session, yenye dissertation na majaribio ya mdomo na ya vitendo. Kisha inafuata session ordinaire, siku nne za maswali ya kuchagua jibu. Asiyefika asilimia 50 hana diploma. Kwa kawaida anasubiri mwaka mzima, arudi katika darasa la sita, au baadaye ajiandikishe kama autodidacte, ambaye anapita kwanza mtihani wa awali. Hiyo ni bei kubwa kwa familia inayolipa ada ya shule kwa kuuza mchele na mafuta ya mawese, maana elimu ya bure iliyotangazwa mwaka 2019 ni ya shule ya msingi tu.

Kwa hiyo woga wa wazazi unaeleweka. Tatizo ni mahali woga huo unapotupeleka. Maneno tunayotumia ni laini: «mchango wa wasimamizi», «motisha», «kumsaidia mtoto». Pesa zinakusanywa darasani kabla ya mtihani, na usiku watoto hawalali, wanangojea majibu kwenye WhatsApp. Wizara inaonya kila mwaka, na kila mwaka biashara inaendelea, kwa sababu wanunuzi wapo, na baadhi ya wanunuzi wanakaa kwenye viti vya mbele siku ya Jumapili. Tena, tukiacha dhambi pembeni kidogo, hata kama biashara ni mbaya: karatasi za mtihani zinatolewa kwa séries mbalimbali, na majibu yaliyonunuliwa mara nyingi si ya karatasi iliyo mbele ya mtoto wako.

Na yakiwa ya kweli? Mtoto anafika chuo kikuu na asilimia nzuri, lakini hawezi kuandika ukurasa mmoja wa Kifaransa bila msaada. Mwaka wa kwanza unamwangusha. Mzazi analipa tena mwaka ule ule, na sasa kwa dola. Hasara kubwa zaidi ni ile ambayo mtoto hasemi: amejifunza kutoka kwa baba yake mwenyewe kwamba nyumbani kwao hawaamini kama angeweza.

Tunapenda kumhubiri Danieli kama mfano wa kijana aliyefaulu. Yeye na wenzake walifundishwa miaka mitatu Babeli, kisha wakasimama mbele ya mfalme awahoji, wakaonekana bora kuliko wote. Mahubiri mengi yanakimbilia pale mwishoni. Sura ile inaanza na mambo ya chakula: vijana wale walikuwa wamekwisha kuamua ni kitu gani hawatakigusa, wakati hakuna aliyejua kama watafaulu.

Hapa hatuwezi kusema na wazazi peke yao. Serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa mwaka 1974, na kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 ilirudisha usimamizi wake kwa makanisa. Tangu hapo tuna écoles conventionnées protestantes, na hapa Kindu jumuiya za ECC, Wamethodisti, Waanglikana, Wapentekoste na wengine, zinazo shule zao. Maana yake, kanisa halitazami jambo hili kutoka nje. Prefe ni wetu, walimu wengi ni washirika wetu, na ni sisi tunaosoma kwa furaha mimbarani kwamba shule yetu imepata 100%. Je, kuna mtu anayeuliza imepatikana namna gani? Prefe aliyeleta 70% kwa njia nyoofu anaitwa kujieleza, na yule wa 100% anapewa mbuzi. Kwa maoni ya mwandishi, prefe wa kwanza ndiye angestahili mbuzi, na coordination ingefanya vema kumlinda, kwa kuwa mwaka kesho wazazi watahamisha watoto wao na kuwapeleka kwa yule mwingine.

Turudi kwenye nyumba isiyo na poda. Saa za kwanza ni za hatari kuliko tunavyodhani. Watu wanapita «kutoa pole», na baba, kwa sababu ya aibu, anaanza kumshitaki mtoto mbele yao: nilikuambia, simu ilikuharibu, tazama mtoto wa shangazi yako. Maneno hayo yanabaki muda mrefu. Afadhali baba anyamaze jioni ile, mama apike kama kawaida, na mazungumzo yasubiri kesho au kesho kutwa. Mtoto asiyekula, asiyelala, anayesema kwamba hana faida tena duniani, asiachwe peke yake. Mtu anayemwamini akae naye, na apelekwe kwa muuguzi au daktari. Pasta aje, aombe, lakini asije peke yake akidhani maombi yanatosha.

Kuna jambo jingine ambalo tunalificha. Katika nyumba zingine, mtoto akianguka, anatafutwa mchawi: nyanya, mama wa kambo, mdogo wake mwenye tabia ya ajabu. Na kuna vyumba vya maombi vinavyokubali kazi hiyo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inaadhibu kumshitaki mtoto kwa uchawi. Lakini hata kama isingekuwepo, mchungaji anayejua kusoma anaweza kuona kwenye bulletin za miaka miwili kwamba hesabu zilikuwa zikimshinda kijana tangu zamani. Nyanya hana hatia katika jambo hilo.

Kisha kila mmoja anaelekezwa njia yake. Msichana aliyeanguka anaanza kuambiwa habari za mchumba, hata kama hajafika miaka 18, umri ambao sheria ile ile inauweka. Mvulana anafuata wenzake kwenye machimbo: kasiterite ya Kalima, Kailo na Punia, dhahabu ya upande wa Namoya. Wanaahidi kurudi Septemba. Wengi hawarudi darasani, kwa sababu aliyeshika pesa zake mwenyewe ni vigumu kuketi tena kwenye benchi na wadogo zake. Wiki mbili za kwanza baada ya matokeo ndizo zinazoamua mambo hayo, na kwa kawaida hakuna mtu wa kanisa anayefika katika wiki hizo. Korali imealikwa kwenye sherehe ya waliofaulu.

Waliofaulu nao wana shida yao. Mzazi anaamka mwezi wa nane na kuuliza: mtoto asome nini? Lakini sehemu kubwa ya jibu ilitolewa miaka minne nyuma, mwishoni mwa mwaka wa nane, baada ya TENASOSP, mtoto alipochagua option. Aliyesoma pédagogie ana mlango mpana wa ISP. Kitivo cha sayansi kitamwuliza hesabu na fizikia ambazo hakuzipata vya kutosha. Katika shule nyingi option inachaguliwa kwa kutazama ni shule gani iliyo karibu na ada yake ni kiasi gani. Ni sababu za kweli, hatuzidharau. Ila mzazi ajue kwamba siku ile anachagua pia chuo. Ukiwa na mtoto wa miaka 14 nyumbani sasa, mazungumzo ya chuo kikuu ni ya mwaka huu.

Neno moja juu ya LMD, kwa kuwa wazee wengi bado wanauliza «uko G ya ngapi?». Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo wa graduat unaondolewa. Mwanafunzi anaingia L1, anasoma miaka mitatu, anapata licence kwa kukusanya krediti 180, sitini kila mwaka. Utabibu unachukua miaka mingi zaidi. Kijana akikuambia ana krediti za kurudia, usidhani amefukuzwa. Ila mwombe karatasi uone ni ngapi.

Na mahali? Kwa miaka mingi, ndoto ya familia nyingi za Kiprotestanti hapa mashariki ilikuwa ULPGL ya Goma, iliyoanzishwa na makanisa mwaka 1985, au UEA ya Bukavu, ya mwaka 1991. Wazee zaidi wanakumbuka Kisangani, ambako makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha Université Libre du Congo mwaka 1963, ile ambayo leo ni UNIKIS. Kisha Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, mabenki yakafungwa. Mzazi wa Kindu aliyekuwa na mtoto kule alijifunza haraka maana ya kutafuta njia ya kumpelekea pesa za chakula, na ya kukaa usiku mzima akingojea simu iite. Kwa upande wa kusini kuna treni ya kwenda Lubumbashi, na kila mtu hapa anajua namna treni ile inavyosafiri. Kisangani kunahitaji chombo cha mto mpaka Ubundu, kisha reli, au tiketi ya ndege.

Kwa hiyo UNIKI na ISP ya Kindu, ambazo vijana waliziona kama mahali pa wasio na uwezo, zinastahili kuangaliwa upya. Hatusemi kwamba zina kila kitu. Maktaba ni ndogo na umeme unasumbua. Lakini kijana anayelala kwao, anayekula kwa mama yake na kujulikana na pasta wake, akisoma kitivo kinacholingana na option yake, yuko mahali pazuri kuliko yule aliyetumwa mbali ili baba aweze kusema kanisani kwamba mwanawe yuko mji mkubwa. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anaketi na kuhesabu gharama. Tuketi kweli, na kalamu mkononi: ada ya kuandikishwa, ada ya mwaka, syllabus, nyumba, chakula, safari ya kurudi akiugua, na yote hayo mara tatu, kwa miaka mitatu. Mtoto awepo wakati wa hesabu. Wengi wetu tunawaficha watoto hali ya mfuko, kisha tunashangaa wanapochagua vitivo tusivyoweza kulipia.

Na makaratasi. Diploma yenyewe inaweza kuchelewa sana kutoka, kwa hiyo kijana anajiandikisha kwa attestation ya matokeo. Itengenezewe kopi, ihifadhiwe mahali pakavu, na majina yalingane na yale ya cheti cha kuzaliwa. Herufi moja iliyokosewa katika jina inamgharimu kijana safari nyingi za ofisini, na kila ofisi ina mlango na kila mlango una mtu.

Parokia inaweza kufanya nini bila pesa nyingi? Washirika walio walimu wa UNIKI na ISP wapo katikati yetu. Jumamosi moja baada ya matokeo, wakae chini ya mwembe wa kanisa na wazazi na vijana, waseme kitivo gani kinataka nini. Akina mama wenye likelemba wanaweza kuweka zamu moja ya mwaka kwa ajili ya mwezi wa kuandikishwa. Wazee wa kanisa wagawane majina ya finalisti wote kabla ya matokeo, waliofaulu na watakaoanguka, ili kila nyumba iwe na mtu wa kuitembelea ndani ya siku tatu. Orodha hiyo iandikwe mwezi wa sita, wakati bado hakuna anayejua nani atapakwa poda.