CHANJO NI HIARI, LAKINI TUSIAMULIWE NA UVUMI

WARAKA WA TAWI KWA WANACHAMA WOTE
Desemba 2021

Ndugu Wanachama,


Tunawaandikia kuhusu chanjo ya UVIKO-19. Tumeona jumbe zinazozunguka kwenye makundi yetu, na tumesikia yanayosemwa maduarani, kwenye mialo, gulioni na misibani. Chanjo imekuwepo kwenye vituo tangu Agosti, tena bure, lakini wanachama wetu wengi hawajachanja, wakiwemo baadhi ya viongozi wa mashina. Kuna wanaokataa, na kuna wanaosubiri kuona wenzao watafanywa nini. Wengi zaidi wana swali ambalo hawajapata mtu wa kumuuliza bila kuchekwa. Tumeona Tawi lisinyamaze.

*1. MSIMAMO WETU*

Chanjo ni hiari. Anayechanja anajaza fomu ya ridhaa kwa mkono wake. Hakuna mwanachama atakayenyimwa kadi, nafasi ya kugombea au huduma yoyote ya Chama kwa sababu hajachanja. Anayetisha watu kwamba watafutwa TASAF au kuondolewa kazini duarani, asilitumie jina la Tawi hili.

Lakini hiari maana yake ni kuamua mwenyewe baada ya kuelewa. Mtu anayekataa kwa sababu ya sauti iliyorekodiwa na asiyemjua, ikatumwa na asiyemjua, huyo hajaamua. Ameamuliwa.

*2. "JANA HAPANA, LEO NDIYO?"*

Hili ndilo swali kubwa la huku kwetu, na tutalijibu waziwazi.

Hayati Dkt. John Magufuli ni mtoto wa Chato, jirani yetu. Januari 2021, akiwa hukohuko Chato, alisema chanjo hizo hazifai, akaionya Wizara ya Afya isizikimbilie bila kujiridhisha. Wengi wetu tulimsikia. Wapo wanaoona kwamba kuchanja leo ni kumsaliti marehemu.

Hatuoni hivyo. Baada yake, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu Aprili. Wakachunguza, wakaleta taarifa Mei, wakashauri nchi ipokee chanjo zilizothibitishwa. Julai ikafika shehena ya kwanza, dozi 1,058,400 za Janssen kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX. Tarehe 28 Julai Rais, ambaye ndiye Mwenyekiti wetu wa Taifa, akachanjwa Ikulu mbele ya kamera. Alisema yeye ni mama na bibi wa wajukuu, asingejipeleka kwenye hatari akijua. Siku hiyohiyo alichanjwa Waziri Mkuu, na wakachanjwa viongozi wa dini.

Januari swali lilikuwa kama tumejiridhisha. Wataalamu wetu wameshalifanyia kazi na jibu limetoka. Kumpenda marehemu ni jambo la moyo, na linabaki pale pale. Kumkinga bibi aliyeko nyumbani ni jambo la leo, na wala halimpunguzii marehemu heshima.

*3. MASWALI TUNAYOULIZWA*

_"Huku hatukufa kama wazungu, chanjo ya nini?"_
Kwa zaidi ya mwaka mmoja takwimu hazikuwa zikitangazwa. Anayeshika vitabu vya hesabu anajua kwamba daftari lisiloandikwa haliwi ushahidi kwamba hakuna deni. Misiba tuliyozika tukiambiwa ni "changamoto ya upumuaji" kila mmoja anaikumbuka, kila mtaa na wake.

_"Imetengenezwa haraka, inataka kutumaliza Waafrika."_
Chanjo ya Janssen ilijaribiwa kwa watu wapatao 44,000, na Afrika Kusini ilikuwa mojawapo ya nchi za majaribio. Kisha Afrika Kusini ikawachanja kwa chanjo hiyohiyo watumishi wake wa afya zaidi ya 470,000, wauguzi na madaktari wa nchi yao wenyewe. Matokeo yaliyotolewa Agosti mwaka huu yalionyesha kinga ya zaidi ya asilimia 90 dhidi ya kifo. Nchi inayotaka kuwamaliza watu wake haianzi na wauguzi wake.

_"Inaleta ugumba na kuua nguvu za kiume."_
Maneno haya yana miaka mingi. Yalisemwa kwa chanjo ya pepopunda ya akina mama wajawazito. Yakasemwa tena mwaka 2018 kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ya mabinti. Usukumani akina mama wamechomwa pepopunda miaka yote hii, na mpaka leo madarasa hayatoshi watoto.

_"Ina madhara."_
Yapo, na msidanganywe kwamba hayapo. Mkono unauma, homa na kichwa huweza kukaa siku moja au mbili. Lipo pia tatizo la damu kuganda, na ni nadra sana. Aprili mwaka huu Marekani ilisimamisha Janssen kwa siku kumi kuchunguza wagonjwa 6 waliopatikana kati ya dozi zaidi ya milioni 6. Ikaruhusu tena baada ya kuona faida inazidi hatari. Hiyo ni chini ya mtu mmoja katika kila milioni kwa hesabu ya wakati ule. Mwenye historia ya damu kuganda au mzio mkali amwambie mhudumu kabla ya sindano, asione aibu.

_"Mbona waliochanja nao wanaugua?"_
Wanaugua, ila wachache zaidi wanalazwa na wachache zaidi wanazikwa. Fikirini sungusungu, ambayo ilianzia huku kwetu Shinyanga na Tabora miaka ya 1980. Sungusungu haikumzuia mwizi kuzaliwa. Iliwafanya vijana wamjue, na mwano ukipigwa wawe tayari na silaha mkononi. Chanjo inauonyesha mwili sura ya mwizi kabla hajafika zizini. Asiyechanja, vijana wake wanaamka ng'ombe wakiwa wameshavuka mto.

_"Tulipiga nyungu, tukapona."_
Nyungu inafungua pua na kumpa mtu nafuu. Hakuna anayekukataza. Lakini haiufundishi mwili kukitambua kirusi kabla hakijaingia. Unaweza kupiga nyungu na ukachanja pia.

*4. NANI ANATAKIWA KUFIKIRI MARA MBILI*

Kwanza, wazee wetu, pamoja na wenye kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Hawa ndio ugonjwa huu huwaua zaidi. Ndiyo maana walipewa kipaumbele pamoja na watumishi wa afya tangu mwanzo.

Pili, ndugu zetu wa maduarani, kuanzia Kakola na Mwime hadi Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Mchimbaji anavuta vumbi la mwamba kila siku. Vumbi hilo linaacha makovu kwenye mapafu, na linamfungulia mlango kifua kikuu. Anashuka kwenye shimo lenye hewa finyu akiwa bega kwa bega na wenzake, jioni wanalala wengi chumba kimoja. Kijana anaweza kuupata ugonjwa asiujue, akapanda basi kwenda kusalimia Maswa au Kahama, akaufikisha kwa mama yake aliyelea watoto sita. Mwezi huu wa sikukuu mabasi yamejaa. Afrika Kusini tayari wametangaza kirusi kipya, Omicron.

Tunajua kinachowazuia wachimbaji wengi si ubishi. Siku moja ya homa ni siku moja bila mgao, na mwenye duara hamsubiri mtu. Kwa hiyo tunashauri: chanja siku inayotangulia mapumziko yako. Wenye maduara na makarasha ambao ni wanachama wetu, tunawaomba mmpe kijana siku yake bila kumkata. Mkilinganisha na kumpoteza fundi wiki tatu, au kuchanga jeneza, siku moja ni gharama ndogo.

*5. MADARASA TUMEYAPOKEA*

Oktoba Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, mkopo wa masharti nafuu kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa ajili ya ustawi na mapambano dhidi ya UVIKO-19. Katika fedha hizo yanajengwa madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Wanachama wametoka kuchimba misingi, wamesomba mchanga na maji. Tumeimba na kupiga picha.

Fedha hizo zilikuja kwa sababu ugonjwa upo. Hatuwezi kusaini kupokea madarasa ya UVIKO, kisha tukasema UVIKO ni hadithi. Kwenye vitabu, ukiandika upande mmoja lazima uandike na wa pili.

*6. TUFANYEJE: WATANO WATANO*

Kichupa kimoja cha Janssen kina dozi tano. Kikishafunguliwa kinapaswa kutumika ndani ya saa sita, kinachobaki kinamwagwa. Ndiyo maana mtu mmoja akienda peke yake zahanati ya mbali, anaweza kuambiwa asubiri wenzake wafike. Akichoka, anaondoka, na harudi.

Kwa hiyo Kamati ya Siasa ya Tawi imekubaliana hivi:

• Kila balozi azungumze na watu wa shina lake, nyumba kwa nyumba, kwa upole. Walio tayari wajipange watano watano na kwenda pamoja. Tusiandike orodha ya wanaokataa.

• Viongozi wa Tawi ambao hawajachanja watangulie, kwa hiari yao. Mwanachama hatamsikiliza kiongozi anayehimiza sindano asiyoichoma.

• Tutamwomba Mtendaji wa Kata na mganga wa kituo walete timu ya Mpango Shirikishi na Harakishi siku ya gulio, na siku nyingine mwaloni, ili mzee asitembee kilomita nyingi na mchimbaji asipoteze siku nzima.

• Timu ikija, mhudumu akae na wananchi kwanza, ajibu maswali yote, hata yanayochekesha. Anayeuliza kuhusu ugumba ajibiwe kwa heshima kama anayeuliza kuhusu presha.

• Ukichagua Sinopharm au Pfizer, kumbuka ni dozi mbili. Tunza kadi yako na urudi tarehe uliyopangiwa. Janssen ni dozi moja tu.

• Usisambaze ujumbe usioujua ulikotoka. Ulete kwenye Tawi, tutaupeleka kwa mganga, jibu tutaliweka hapa.

Wazee wetu wengi bado wana kovu la chanjo ya ndui mkononi. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa mtaani alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ugonjwa umekwisha. Watoto wetu hawajui hata sura yake. Walionyoosha mkono miaka ile nao walikuwa na hofu, na uvumi ulikuwepo, ila hapakuwa na simu za kuueneza.

Mwanachama, uliza mpaka uridhike. Ukiridhika, tafuta wenzako wanne, mwende.

Kazi iendelee.

Imetolewa na:
Ofisi ya Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Kamati ya Siasa ya Tawi

(Mabalozi wote, wasomeeni wazee wasio na simu.)