KAZI ZA MIKONO: Kupatanisha Rangi za Kiondo

Katika nchi kavu ya Kathonzweni, mvua ikikosa, pojo na mbaazi hunyauka shambani, lakini mkonge wa mpakani husimama. Kwa hiyo mwanamke wa Kikamba aliye hodari wa kusuka hakosi kazi hata wakati wa kiangazi. Lakini kiondo kimoja huchukua siku nyingi, na mnunuzi hukitazama kwa dakika moja tu. Rangi zikigombana, hukiweka chini au huvunja bei, ijapokuwa ususi wake ni imara. Na karo ya mtoto hupungua papo hapo.

Zamani wasusi walitumia nyuzi za magome ya mbuyu na miti mingine, nazo rangi walizipata katika mizizi, magome na udongo. Zilikuwa chache, nazo zilipatana. Siku hizi rangi za unga za dukani ni nyingi, na kila moja yataka kutangulia.

Basi kwanza, rangi moja na iwe kubwa, ya pili iifuate, na ya tatu ionekane kidogo tu, kama chumvi katika mboga. Kahawia yaweza kuchukua sehemu kubwa, nyeusi ikafuata, na rangi ya chungwa ikapita kwa mstari mwembamba. Nyekundu kali na kijani kali zisikae bega kwa bega. Kati yake upitishwe mkonge usiotiwa rangi. Tena, penye nakshi nyingi pafuatwe na sehemu tupu, ili jicho lipumzike.

Pili, nyuzi zihesabiwe. Msusi hupitisha nyuzi mbili zinazopishana katika nyuzi zilizosimama. Zile mbili zikiwa za rangi mbalimbali, na zilizosimama zikiwa shufwa, kama 120, mistari husimama wima. Zikiwa witiri, kama 121, rangi hubadilishana kila mzunguko, yakawa madoadoa. Kwa sababu hiyo nakshi isianze kabla kitako hakijaisha kupanuliwa, maana nyuzi bado zaongezwa.

Tatu, nyuzi za rangi moja zichemshwe pamoja katika sufuria moja, zitoshe kiondo kizima, kwa kuwa ni vigumu sufuria ya pili kutoa rangi ile ile. Zikikauka, uzi mmoja ulowekwe na kusuguliwa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikipata doa, nyuzi zioshwe tena, ama sivyo mvua itachafua mkonge mweupe.

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 28 Agosti 2017, kiondo kimepata nafasi zaidi sokoni. Yafaa wanawake wa mwethya wazitandaze nyuzi mkekani, wasimame mbali, wazitazame pamoja kabla ya kuanza. Kubadili uzi mkekani hakuna hasara. Kufumua kiondo kilichofika ukingoni ni kupoteza kazi ya siku nyingi.